Kabla Hujawasha Biwi: Ruhusa na Taratibu za Kuchoma Taka za Uani, Malindi na Lamu

Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hadi Machi, ua wa nyumba ya Malindi hugeuka ghala la kuni. Makuti hudondoka yenyewe usiku, mwembe humwaga majani, na sindano za mvinje hutandika chini kama mkeka. Mtu hufagia, akakusanya biwi kwenye pembe ya ua, akatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti. Mwongozo huu ni wa wakati huo, kiberiti kingali mfukoni.

Mimi nilijifunza kwa njia ya aibu. Biwi langu halikuwa kubwa, lakini niliwasha saa tisa alasiri, upepo wa bahari umeshapanda. Kipande cha karara, lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi, kikapaa kikiwaka, kikatua juu ya paa la jiko la jirani. Tulilizima kwa ndoo na gunia la maji kabla moto haujafika kwenye boriti. Hakuna aliyeumia. Jirani, mama wa makamo asiyependa makelele, alikaa chini kwanza akapumua, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali ninaloanza nalo, na ndilo atakalokuuliza chifu, bwana afya au hakimu mambo yakiharibika.

Hatua ya 1: Chambua biwi kabla ya kufikiria ruhusa

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozaliwa: zinazooza upande wake, zisizooza upande wake. Kwa hiyo ukiwa na biwi lenye majani, chupa za soda na nepi za mtoto kwa pamoja, umeshakosea kabla ya kuwasha chochote.

Vitu hivi usiende kuviombea ruhusa, utapoteza nauli bure: plastiki ya aina yoyote, tairi, betri, vipande vya nyavu za nailoni, sponji za magodoro, mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, na makopo ya dawa za shambani. Moshi wake una sumu inayobaki mwilini na kwenye udongo. Kuna watu wanaodhani mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 mambo ya plastiki yaliisha. Nenda kaangalie biwi lolote nyuma ya nyumba za kupanga, utaona.

Hata katika mimea, si kila kitu ni cha moto. Maganda ya korosho yana mafuta yanayochubua ngozi, na moshi wake huchoma macho na kifua, waulize wanaozikaanga. Oleanda, ile ya maua ya pinki inayopendwa kwenye bustani za hoteli, ni sumu mpaka moshi wake. Mnyaa, ule mti wa kuzungushia ua wenye utomvu mweupe unaopofusha, usiutie motoni kabisa. Majani mabichi nayo hayawaki, yanafuka tu, na moshi mzito mweupe ndio unaowaletea majirani na askari mlangoni.

Hatua ya 2: Toa kisicho taka

Hapa ndipo biwi linapopungua hadi ukashangaa ulitaka kuchoma nini.

Mnazi hauna taka, una vitu ambavyo hujavipatia mtu. Kuti zima linasukwa makuti ya kumba ya kuzungushia ua. Kama huna mkono wa kusuka makuti ya viungo, yale ya kuezekea paa, wako akina mama wanaosuka na watakuja kuyachukua wenyewe ukiwaambia. Chelewa, vile vijiti vya katikati ya majani ya kuti, ni ufagio. Makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi, ni usumba, nyuzi za kusokotea kamba, na usipokuwa na mpango wa kamba, yapange kuzunguka shina la mgomba au mpapai; yanashika maji vizuri wakati wa jua kali. Vifuu ni makaa mazuri, moto wake mkali na moshi mdogo. Karara kavu ni kiwashio cha jiko. Matawi ya mwembe na mwarobaini ni kuni, na muuza samaki wa kukaanga mtaani hatakataa.

Majani yanayobaki yaozeshe. Kwa watu wa Lamu hili ni jepesi kuliko kwetu, kwa sababu mna punda. Tandaza majani makavu kiasi cha shubiri mbili, juu yake samadi ya punda kiasi cha shubiri moja, mwagia maji yaloane bila kuchuruzika, rudia mpaka lifike kiunoni, kisha funika kwa makuti. Baada ya majuma mawili ligeuze kwa uma au jembe. Likiwa la moto ndani, linafanya kazi. Likinuka vibaya, maji yamezidi, ongeza majani makavu. Kwetu Malindi pasipo punda wengi, kinyesi cha kuku au cha mbuzi kinafaa vilevile.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa miongozo ya mboji hulisahau, na mkulima wa pwani hulijua: chonga. Mdudu yule mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye mabiwi ya mboji yasiyogeuzwa. Funza wake ni mnene mweupe, amejikunja. Ndiyo maana wazee walichoma magogo ya minazi iliyokufa, na hawakuwa wajinga. Ukigeuza biwi kila baada ya majuma mawili utawaona funza hao. Watoe uwape kuku. Gogo la mnazi lililoanza kuoza ndilo kitu pekee uani ambacho mimi mwenyewe bado naona sababu ya kuliombea ruhusa ya kuchoma, pamoja na matawi yenye ugonjwa.

Hatua ya 3: Jua moshi ni wa nani

Watu hutafuta sheria moja ya kuchoma majani, wasipoiona wanasema hakuna sheria. Zipo, ila zimetawanyika.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero za umma, kuzoa taka, na huduma za zimamoto. Malindi iko chini ya Kaunti ya Kilifi, Lamu ina kaunti yake. Kwa hiyo ruhusa ya moto wa uani mjini ni suala la kaunti, kupitia ofisi ya mazingira, ya wadi au ya manispaa. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na jirani yako mwenye pumu ni mtu.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ndiyo inayompa bwana afya nguvu ya kukuletea notisi uondoe kero. Notisi hiyo inaweza kuwa kwa ajili ya moshi, na inaweza pia kuwa kwa ajili ya biwi uliloliacha likazaa panya. Sheria ya mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inakataza kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira au kudhuru afya. Shambani kuna Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, iliyobaki tangu ukoloni, inayohusu kuwasha nyasi na vichaka. Na moto ukishaleta hatari, unatoka kwenye mambo ya mazingira na kuingia Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 243 kinamhusu anayetenda jambo kwa moto kizembe hadi kuhatarisha mtu. Hapo anayekuja ni polisi.

Hatua ya 4: Omba, kwa mpangilio huu

Anza na jirani wa upande upepo unakoelekea. Si adabu tu, ni njia ya mkato: ofisini ukifika na majina ya majirani waliokubali, mazungumzo huwa mafupi. Piga hodi, salimu, kaa kama umekaribishwa, kisha uliza mambo matatu. Kuna mgonjwa wa kifua au mtoto mchanga ndani? Kuna nguo zitakazoanikwa siku hiyo? Kuna shughuli, yaani harusi, hitima, maulidi, wageni wa nyumba ya kupangisha? Mmoja akisema ana mgonjwa, acha. Usimbembeleze mtu apumue moshi wako.

Kisha mzee wa mtaa. Yeye ndiye anayejua nani alichoma juzi na nani analalamika. Kutoka kwake nenda kwa naibu wa chifu au chifu, na kwa walio ndani ya mji, msimamizi wa wadi au ofisi ya mazingira ya manispaa. Malindi ofisi hizi huweza kufikiwa kwa asubuhi moja ukianza mapema. Nenda siku ya kazi kabla ya saa nne, na Ijumaa usiende kabisa ukitaka jambo liishe.

Ombi liwe la maandishi hata kama utaambiwa kwa mdomo "wewe choma tu". Ruhusa ya mdomo haina mtu siku ya balaa. Barua yangu huwa fupi hivi:

"Mimi ni mkaazi wa mtaa wa …, simu … . Naomba ruhusa ya kuchoma matawi yenye ugonjwa na gogo la mnazi lenye wadudu uani kwangu, biwi moja lisilozidi mita moja kwenda juu, tarehe … kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi. Hakuna plastiki wala taka za nyumbani. Majirani wa pande zote wamejulishwa, sahihi zao ziko chini. Watakaosimamia moto ni watu wawili, na maji yapo."

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri urudi nayo. Ukiambiwa kuna ada, lipa kwa njia rasmi ya kaunti na upewe risiti. Pesa ya mkononi haiwi kibali. Ukikataliwa, uliza gari la taka linapita lini au taka za majani zinapelekwa jaa gani, kwa sababu anayekukataza kuchoma ndiye huyo huyo mwenye kazi ya kuzoa.

Mahali ambapo jibu ni hapana, au ruhusa ni ya mtu mwingine

Mji wa kale wa Lamu. Umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata bila orodha, angalia juu: nyumba ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na nyingi zina paa la makuti kwenye ghorofa ya juu, paa kwa paa. Gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Cheche ikipanda hapo, watu wanapokezana ndoo tu. Usichome kiwanjani, usichome kwenye daka la mlangoni, usichome juu ya paa. Majani yapakie punda.

Karibu na msitu. Wenye mashamba upande wa Gede na Msabaha wako jirani na Arabuko-Sokoke, na upande wa Lamu kuna misitu ya Witu na Boni. Ndani ya msitu wa serikali moto ni marufuku bila idhini ya Huduma ya Misitu, KFS. Ukiwa umepakana na msitu, wajulishe hata kama moto uko ndani ya ua wako, kwani moto wa kaskazi hausomi mabango ya mpaka. Gede yenyewe ina magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, nayo ni milki ya Makavazi ya Kitaifa.

Ufukweni ni vilevile. Majivu na makaa yanarudi baharini maji yakijaa, na sehemu ya ufuko wa Malindi inapakana na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Anayeishi karibu na kiwanja cha ndege asijaribu. Moshi unaokatiza njia ya ndege hautaishia kwa mzee wa mtaa.

Hatua ya 5: Chagua saa

Wakati mzuri ni baada tu ya jua kuchomoza, kungali na umande chini na upepo wa bara ukipuliza taratibu kuelekea baharini. Uwe umemaliza kabla ya saa tatu au saa nne, maana hapo upepo wa bahari huanza kupanda na kurudisha kila kitu majumbani. Jioni inavutia kwa sababu jua limepoa, lakini moshi wa usiku haupandi, unalala chini na kuingia madirishani watu wakiwa wamelala.

Siku ya upepo wa kupeperusha makuti, ahirisha, hata kama barua ina muhuri. Mimi hurusha kiganja cha majani makavu hewani. Yakitua mbali nami zaidi ya hatua tatu, narudi ndani kunywa chai.

Hatua ya 6: Choma

Mahali pawe mbali na paa la makuti kiasi cha hatua hamsini. Ua wako ukiwa mdogo kuliko hivyo, na kuna makuti jirani, ua huo si wa kuchoma, mambo yaishie kwenye mboji. Usisogelee ukuta wa mawe ya matumbawe: jiwe hilo likipata moto mkali hupasuka na kurusha vipande. Wazee walikuwa wakilichoma makusudi kupata chokaa, sasa wewe hutaki ukuta wako uwe chokaa. Angalia pia juu, waya za umeme na matawi.

Fagia duara mpaka kwenye mchanga mtupu, upana wa mita mbili pande zote. Biwi liwe dogo, usizidishe mita moja, na uongeze kidogo kidogo. Weka ndoo nne za maji au mpira ulio tayari, koleo la mchanga, na gunia lililoloweshwa. Gunia ndilo silaha ya kwanza kwa nyasi zinazoanza kushika. Usimwage petroli wala mafuta ya taa. Mvuke wa petroli hutangulia moto, na mtu huungua uso kabla ya majani. Karara kavu na makumbi yatawasha chochote kinachofaa kuwashwa.

Vaa viatu vya kufunika na nguo za pamba, acha leso na shuka ndani. Watoto wakae mbali. Wawili wasimamie, na mmoja asiende dukani "mara moja tu".

Gogo la mnazi lina tabia yake. Halitoi miali, linakula moto ndani kwa ndani kama sigara, siku mbili au tatu. Lipasue vipande kwanza kwa shoka. Kisiki kilichobaki ardhini usikichome kabisa: moto hufuata mizizi chini ya mchanga na kutokea mahali ambapo hukuutarajia. Kichimbue, au kifunike udongo na umwagie samadi kioze.

Likitokea la kutokea: moto ukivuka duara na gunia lisiuweze kwa dakika moja, acha kushindana nao. Piga kelele watu watoke majumbani kwanza, kisha piga 999 au 112. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitali. Dawa ya meno, yai na samli zibaki jikoni.

Hatua ya 7: Zima mpaka mkono ukubali

Mwaga maji, koroga kwa koleo, mwaga tena. Mchanga wa juu peke yake hauzimi, unafunika makaa yakae na joto hadi mtoto apite peku kesho yake. Pitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu. Kama joto linausukuma mkono, bado. Rudi adhuhuri uangalie, na tena kabla ya kulala. Majivu safi yaliyopoa, yasiyo na misumari, tawanya kidogo kwenye migomba na minazi, yana potasiamu. Usiyarundike shina moja.

Na kama moshi ni wa mwenzako

Nenda mwenyewe kwanza, bila simu ya kurekodi mkononi. Wengi hawajui moshi wao unaingia wapi. Asipokusikia, mwambie mzee wa mtaa. Ikirudiwa, andika tarehe, saa na kilichochomwa, piga picha ya moshi kutoka uani kwako, kisha upeleke malalamiko ya maandishi kwa bwana afya wa eneo au ofisi ya mazingira ya kaunti. Ikiwa ni plastiki au taka za biashara, peleka nakala NEMA. Saini jina lako, kwani barua isiyo na mwenyewe huwekwa chini ya nyingine. Yule mama jirani yangu angeweza kufanya hayo yote siku ile. Badala yake alinipa ufagio nikamfagilie majivu yaliyoangukia jikoni kwake, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea makuti ishirini ya viungo.